SINIA LA IDI: KUTOKA DARAJANI HADI MICHENZANI

Safari ya boti iendayo kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua saa mbili hivi. Ukiifanya katika kumi la mwisho la mwezi wa Ramadhani, utaukuta mji wenye sura mbili. Mchana barabara zimepoa, vibaraza vya kahawa vimenyamaza, na wapita njia wanatembea kwa mwendo wa mtu anayehifadhi nguvu zake. Adhana ya alasiri ikishapita, mji huamka. Meza hutolewa milangoni, majiko hupepewa, karai za mafuta hutelekwa, na kabla jua halijagusa bahari upande wa Forodhani utasikia harufu ya iliki, vitunguu na samli ikitangulia mbele yako katika kila uchochoro.

Tukufikishe basi mahali ambapo harufu hiyo ina nguvu kuliko kwingine. Toka bandarini Malindi, shika barabara iliyoitwa Creek Road zamani na ambayo sasa ina jina la Benjamin Mkapa, ukaelekee Darajani. Jina hilo lina historia yake. Hapo palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, na watu walivuka kwa daraja. Maji yalifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, daraja likatoweka, jina likabaki. Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1904. Tangu hapo, atakaye kuandaa sikukuu Unguja ni nadra kukosa kupita Darajani.

Siku za mwisho za mfungo, mitaa inayolizunguka soko hilo hujaa kuanzia Mchangani hadi Mlandege. Wazazi wanatafuta nguo na viatu vya watoto. Wengine wananunua zabibu kavu, lozi, zafarani na hamira. Lakini tazama vizuri mikoba ya akina mama utakuta mingi ina vitu vilevile: unga wa ngano, sukari, mafuta, nazi, vitunguu na nyama ya kusaga. Huo ndio mwanzo wa sinia la Idi.

VITU VILIVYOKUJA NA PEPO

Wengi wetu tumezoea kuziita sambusa, kaimati na visheti vyakula vya Kiswahili, na ni haki yetu. Hata hivyo yafaa tujue zilikotoka, maana historia ya pwani yetu imo ndani yake.

Jina la sambusa lina asili ya Kiajemi. Katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10, chakula hicho kinatajwa tayari. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipita katika pwani hii mwaka 1331, akafika Mombasa na Kilwa. Alipoeleza chakula alichokaribishwa Mogadishu, alitaja wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Sambusa aliieleza alipofika Delhi, katika karamu za Sultani: nyama iliyokatwakatwa, ikapikwa na lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Mpishi wa Mwembetanga akisomewa maelezo hayo leo hatahitaji kuuliza ni chakula gani kinachosemwa.

Kaimati nazo ni ndugu wa lugaimat za Oman na nchi za Ghuba, na jina hilo kwa Kiarabu lina maana ya tonge ndogo. Kitabu kingine cha Baghdad, cha mwaka 1226, kinaeleza matonge ya unga ulioumuka yaliyokaangwa na kuchovywa katika utamu, na kuyaita matonge ya kadhi. Majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalileta tende, nguo na vyombo, na pamoja nayo yakaleta watu waliokuwa na mapishi vichwani mwao. Watu hao walikuta nazi na mchele. Walikuta pia wapishi hodari. Tui likaingia katika unga, iliki ikaingia katika shira, na baadaye viazi, ambavyo asili yake ni Amerika, vikazaa katlesi, ambazo jina lake tumelipata kwa Waingereza. Sinia moja la Idi, ukilitazama kwa makini, ni ramani ya bahari nzima.

MANDA NI SUBIRA

Sasa tuingie jikoni. Roho ya sambusa ni manda, yaani yale magamba membamba ya unga yanayofunga nyama. Manda zikiwa nene, sambusa huwa kama chapati iliyokunjwa. Zikiwa nyembamba na kavu, hulia meno yanapoziuma.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya kulia vya mafuta. Kanda kwa maji ya uvuguvugu hadi donge liwe laini lisilonata mkononi, kisha lifunike kwa nusu saa. Usiikate nusu saa hiyo kwa haraka zako. Unga uliopumzika hukubali kusukumwa, na usiopumzika hujivuta nyuma kila unapoutandaza.

Gawa donge katika vidonge 16. Sukuma kila kimoja kiasi cha kisahani, kipake mafuta, kinyunyizie unga mkavu, kisha pandanisha vinne vinne na kuvisukuma pamoja hadi upate duara la shubiri moja au zaidi. Weka juu ya chuma cha chapati kisichopakwa mafuta, kwa moto mdogo, ukigeuze mara tu kinapoanza kufura. Hakitakiwi kubadilika rangi kuwa kahawia. Kiondoe kingali cha moto, ubandue magamba moja moja, na ukate kila duara robo nne. Umepata manda 64. Zifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa sababu manda iliyokauka hupasuka unapoikunja.

Nyama nayo ina siri yake. Kwa manda hizo utahitaji kilo moja ya nyama ya kusaga. Ipike na chumvi, thomu na tangawizi zilizotwangwa, pilipili manga, bizari nyembamba na mdalasini kidogo, ukamulie ndimu, na uikoroge hadi maji yote yakauke. Vitunguu maji visipikwe pamoja nayo. Vikatwe vidogo vidogo, vitiwe chumvi kidogo, vikamuliwe maji, kisha vichanganywe na nyama iliyokwisha kupoa, pamoja na kotmiri na pilipili mbichi. Kitunguu kilichoingia hivyo hubaki na utamu wake na hakitoi maji ya kulainisha manda.

Kukunja ni kazi ya vidole: robo ya manda hugeuzwa kuwa pembe kama bahasha ya karanga, ukingo hupakwa uji mzito wa unga ili ushike, nyama hutiwa, na mdomo hufungwa. Pembe ikiachwa na tundu dogo, mafuta yataingia na nyama itatoka. Karai liwe na moto wa wastani. Mafuta yakiwa ya moto mno, sambusa hubabuka nje kabla manda haijakauka. Yakiwa baridi, huzinywa sambusa na kuzifanya nzito. Na tafadhali, mama na baba, karai lisiachwe peke yake hata kwa dakika moja nyumba ikiwa na watoto. Furaha ya sikukuu isigeuke safari ya hospitali.

SHIRA MBILI, TABIA MBILI

Upande wa vitamu, kaimati na visheti hufundisha somo moja zuri kuhusu sukari.

Kaimati hutaka vikombe viwili vya unga, kijiko kimoja cha chai cha hamira, kijiko cha samli, na tui au maji ya uvuguvugu ya kutosha kufanya rojo zito. Lipige rojo kwa mkono wazi, ukilichota kutoka chini na kulibwaga, hadi liwe na mvuto na viputo. Liache liumuke kiasi cha saa moja mahali penye joto. Kisha chota kwa vidole, ukiminye kidonge kidogo kitumbukie katika mafuta, na kuanzia hapo usiache kukoroga, ili kila kidonge kijigeuze chenyewe na kupata rangi sawa pande zote. Shira yake ni vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, iliki, zafarani ukijaliwa kuwa nayo, na matone ya ndimu. Ndimu ile haitiwi kwa ajili ya ladha peke yake. Ukali wake huzuia sukari kurudi kuwa chenga, ndiyo maana kaimati hung'aa kama kioo.

Visheti ni kinyume chake. Unga wake hukandwa kwa samli na tui, haumuki, na vidonge vyake hukandamizwa juu ya uma au chujio ili vipate mistari kama kombe la pwani. Wako pia wanaovikata kwa kisu. Vikishakaangwa vikakauka, hutiwa katika shira isiyo na ndimu, iliyochemka muda mrefu zaidi, na hapo hugeuzwa na kugeuzwa hadi sukari igande na kuvivika nguo nyeupe. Kile tulichokizuia kwenye kaimati, kwenye visheti tunakitafuta. Faida yake ni kubwa kwa mfanyakazi: visheti vilivyokauka vizuri hukaa kwenye kopo lililofungwa kwa wiki nzima na zaidi, wakati kaimati hupendeza siku ileile.

UNGA USIOTOKA NG'AMBO YA BAHARI

Hapa yatupasa kusimama na kufikiri. Ngano haistawi Unguja, na Tanzania nzima huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano inayoitumia, ijapokuwa hulimwa Hanang, Kilimanjaro ya Magharibi na nyanda za juu kusini. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya ngano ilipanda duniani kote, na Ramadhani ya mwaka ule ilianza Aprili. Mama wa Kikwajuni aliyekuwa hajawahi kuiona nchi ya Ukraine hata kwenye ramani aliihisi katika mfuko wake wa unga.

Lakini mabibi zetu walituachia njia nyingine, nayo ni mchele. Vileja hufanywa kwa unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki, vikaokwa hadi viwe laini kiasi cha kuyeyuka mdomoni. Mkate wa kumimina huanza kwa mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui zito, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha ukamiminwa katika sufuria yenye moto chini na makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko. Asiye na tanuri hana udhuru, kwa sababu makaa ya juu na ya chini ndiyo tanuri ya asili ya pwani.

Ni kweli kwamba mchele nao haututoshi, na mwingi huagizwa. Hata hivyo bonde la Cheju na mabonde mengine ya Unguja hutoa mpunga, minazi iko mlangoni, mdalasini na pilipili manga humea katika mashamba ya kisiwa, iliki hulimwa Usambara na Uluguru, na Mahonda kuna kiwanda cha sukari. Sinia lenye vileja na mkate wa kumimina kando ya sambusa ni sinia linalomlipa mkulima wetu. Wazee hawakulipanga hivyo kwa bahati tu.

SAHANI KATIKA NGAZI ZA MICHENZANI

Tuvuke sasa kwenda Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa usaidizi wa Ujerumani Mashariki, Serikali ilianza kujenga majumba ya kisasa kwa ajili ya wananchi wa kawaida. Majengo marefu ya Michenzani, ambayo watu huyaita treni, ndiyo yanayojulikana zaidi. Ndani yake wanaishi watu waliotoka Pemba, Makunduchi, Tanga na hata Songea, mlango kwa mlango, ngazi moja.

Katika nyumba kama hizo ndipo utakapoona kazi halisi ya sambusa. Usiku mmoja kabla ya Idi, mkeka hutandikwa, na watu huuzunguka. Mmoja anasukuma, wa pili anabandua, wa tatu anatia nyama, mtoto anapaka uji wa unga. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mikono miwili haimalizi sambusa 64 kabla ya alfajiri. Katika duara hilo binti hufundishwa bila kuambiwa kwamba anafundishwa, na majirani wawili waliopishana maneno tangu mfungo mosi hujikuta wanapokezana sahani ya manda. Ni vigumu kuendelea kumnunia mtu anayekuzibia pembe za sambusa zako.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, sahani huanza safari. Zinafunikwa kwa kawa au kitambaa safi, watoto wamevaa nguo mpya, na kila mlango hupata fungu lake, wa jirani Mkristo ukiwa miongoni mwao. Kwa desturi ya wengi, sahani hairudi tupu. Ikikosa kitafunio, hurudi na sukari au matunda. Na jirani huyo, ifikapo Krismasi, hukaanga sambusa zilezile na maandazi yaleyale, na sahani hupanda ngazi kwa upande wa pili. Watoto nao hupita kuomba mkono wa Idi, na jioni huenda kutawanya senti zao katika viwanja vya sikukuu, ambayo Unguja husherehekewa kwa siku nne.

Siku hizi nyumba nyingi hununua manda tayari kwa mafungu, au huagiza sambusa zilizokwisha kukaangwa. Tusiharakishe kulaumu. Mama anayefanya kazi ofisini hadi saa tisa na nusu, kisha apike futari, ana haki ya kupunguziwa mzigo. Isitoshe, anayeuza manda hizo aghalabu ni mwanamke wa mtaa uleule, ambaye mwezi huu mmoja humpa fedha za karo na sare za shule. Kumnunulia yeye ni kuzungusha fedha mtaani. Linalotisha ni duara kuvunjika kabisa, kila familia ikala sinia lake nyuma ya mlango uliofungwa. Basi nunua manda ukipenda, lakini kunja nyumbani, na waite wenzako. Na waitwe wanaume pia. Mtu anayeweza kukunja bahasha hashindwi kukunja sambusa, na mkesha wa sikukuu haukuandikwa kuwa kazi ya mama na binti zake pekee.

MSHAHARA NA MWEZI MWANDAMO

Liko jambo la mwisho, nalo ni zito. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja, na kwa hiyo Idi haisubiri tarehe ya mshahara. Mwaka 2024 iliangukia Aprili 10, mshahara wa Machi ukiwa bado unasikika mfukoni. Mwaka 2023 ilikuwa Aprili 22, wakati mifuko ya wengi imekwisha kukauka. Mfanyakazi asiyepanga mapema hukopa, na deni la sikukuu huchukua miezi kulipika.

Dawa yake ni hesabu. Sukari na samli vinunuliwe tangu mwezi wa Shaabani, kidogo kidogo. Majirani wanne wachangie kiroba kimoja cha unga na kugawana kwa kipimo. Wenye upatu wapange zamu iangukie mwezi huu. Visheti na vileja vitengenezwe wiki moja kabla, ili siku ya mwisho ibaki na sambusa na kaimati peke yake. Na kabla ya karai kutelekwa, zakatul fitri itolewe: pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, ili mlango ambao haukuweza kununua unga nao uwe na cha kupika asubuhi hiyo.

Kiasi nacho kina heshima yake. Wapo wazee wetu wenye maradhi ya sukari na shinikizo la damu. Watengewe sambusa mbili za mboga na kahawa isiyo na sukari, wasiachwe wachague kati ya kuugua na kutengwa. Mafuta yaliyogeuka meusi yamwagwe, yasihifadhiwe kwa ajili ya Idi ya pili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwe Ilala, Ngamiani, Mombasa au Michenzani, sikukuu ijayo usihesabu sinia lako kwa wingi wa vitafunio. Hesabu milango iliyofikiwa na sahani zako, na mikono iliyokuwa juu ya mkeka wako usiku ule. Hamira ya kaimati inahitaji saa moja tu kufanya kazi yake. Hamira ya ujirani inataka mwaka mzima, na ni sisi tunaoitia.